Mto upi ndo Missouri? Lewis na Clark kwenye njia panda ya maji, Juni 1805

Jioni ya tarehe 2 Juni 1805 msafara wa watu 33, mitumbwi sita ya kuchonga na mashua mbili kubwa, ulifunga kambi kwenye ukingo wa mto Missouri, sehemu ambayo leo iko jimbo la Montana karibu na kimji cha Loma. Watu wamechoka hoi. Asubuhi yake wakavuka ng'ambo wakaangalia vizuri na ndo wakakutana na kitu ambacho hakuna aliyewaambia kuwa kipo. Mto umegawanyika. Na siyo kwamba kuna kijito kinaingia pembeni, hapana, ni mito miwili ya nguvu inakutana pale, mmoja unatoka kaskazini magharibi na mwingine kusini magharibi, na hakuna anayejua upi ndo Missouri yenyewe na upi ni tawi tu.

Wengi wakisimulia huu msafara wanakimbilia kwenye dubu, au kwa Sacagawea, yule mwanamke mwenyeji aliyesafiri nao na mtoto mgongoni, au siku walipoiona Pasifiki. Mi nataka tukae hapa hapa kwenye hizi siku kama kumi za mwanzo wa Juni, manake kwa maoni yangu hapa ndo safari nzima ilikuwa mkononi mwao na ingeweza kuwaponyoka bila hata risasi moja kulia.

Kwa ambaye stori haijui, kwa ufupi tu. Mwaka 1803 Marekani iliinunua Louisiana kutoka kwa Ufaransa ya Napoleon kwa dola milioni 15, eneo kubwa ajabu ambalo sehemu yake ya magharibi hakuna mtu wa serikali aliyekuwa ameikanyaga. Rais Jefferson alikuwa na plani yake tayari, barua ya maelekezo aliyompa Meriwether Lewis ina tarehe 20 Juni 1803 na inasema wazi: fuata Missouri, tafuta jinsi unavyokutana na maji yanayoenda Pasifiki, kwa ajili ya biashara. Lewis akamchukua rafiki yake William Clark waongoze pamoja. Kijeshi Clark alipewa cheo cha luteni tu, ila mbele ya askari Lewis alimwita kapteni na akamtendea kama kapteni, na hilo lina maana kwenye kisa chetu kwa sababu hakukuwa na bosi mmoja wa kulazimisha. Waliondoka 14 Mei 1804, wakapiga kasia na kuvuta mashua kwa kamba mpaka kwa Wamandan na Wahidatsa, makabila ya wenyeji wa North Dakota ya leo, wakakaa huko majira ya baridi, na 7 Aprili 1805 wakaondoka tena kuelekea kusikojulikana.

Kusikojulikana kwa nani sasa? Hapa ndo kisa kinapoanzia hasa. Wahidatsa walikuwa wanaijua ile nchi, vijana wao walikuwa wanaenda vitani mpaka milimani na kurudi, na Sacagawea mwenyewe alitekwa na watu hao hao kwao kule magharibi akiwa binti mdogo. Miezi yote ile ya baridi makapteni walikuwa wanakaa nao wanauliza maswali, wazee wanachora njia, na Clark akatengeneza ramani ya nchi ambayo yeye hajaiona kutokana na midomo ya watu walioiona. Na ramani ile ilikuwa inalipa! Mto Yellowstone ulitokea mahali pake mwisho wa Aprili. Tarehe 8 Mei wakapita mto mwingine wenye maji kama chai ya maziwa wakauita Milk, na wakasema huu bila shaka ndo ule Wahidatsa walioutaja kuwa ni mto unaofokea mito mingine yote. Musselshell nao ukatokea. Kila kitu kwa mpangilio, kila mto unapigwa tiki, na kilichobaki kwenye orodha kabla ya milima ni kimoja tu, maporomoko makubwa ya maji.

Halafu unafika 3 Juni, unakuta mto ambao haumo kwenye orodha.

Lewis aliliona tatizo hili siku ile ile na alichoandika kwenye daftari lake kinanifurahisha sana kwa sababu hakujidanganya. Alisema anashangaa: kama huu wa kaskazini siyo Missouri, kwa nini Wahidatsa wanaoijua nchi vizuri hivyo hawakuutaja? Lakini kama wa kaskazini ndo Missouri, basi kwa nini hawakuutaja huu wa kusini, na ni lazima wangeupita ndo wafike kwenye maporomoko? Yaani ukimya wa wale wazee unakata pande zote mbili. Mtu mwenye haraka angechukua nusu ya hiyo hoja inayompendeza na kuendelea na safari.

Sasa tuangalie mito yenyewe maana bila hiyo huwezi kuelewa kwa nini ubishi ulikuwa mkali. Wa kusini ulikuwa mpana zaidi, waliupima yadi 372, mita 340 hivi, maji yake maangavu, yanakwenda kasi lakini juu yametulia, na chini kuna mawe ya mviringo laini yaliyosuguliwa. Wa kaskazini una yadi 200, mita 180 na kidogo, ila wenye kina kirefu zaidi, na maji yake ni ya tope jeupe la kahawia, mazito, yanafurukuta na kujiviringisha. Na huko kufurukuta kwenye tope ndo sura ya Missouri waliyoishi nayo zaidi ya mwaka mzima. Wameinywa, wameipigia kasia, wameoga humo. Kwa hiyo karibu watu wote wakasema bila kusita: wa kaskazini. Ni sawa na wewe unafika njia panda na unafuata barabara ambayo lami yake inafanana na uliyotoka nayo, nani atakulaumu?

Na hawa siyo watu wa kubahatisha. Kulikuwa na Pierre Cruzatte, damu ya Kifaransa na ya kabila la Waomaha, mwenye jicho moja na hilo moja nalo haoni mbali, ila kwenye maji ndo mtaalamu wa msafara mzima, ndiye aliyeaminiwa na kila mtu pale kambini. (Huyu huyu mwaka uliofuata, 11 Agosti 1806, alimpiga Lewis risasi ya makalio wakiwa wanawinda vichakani, inavyoonekana alidhani ni mnyama. Tuachane na hilo.) Cruzatte alisema wa kaskazini ndo Missouri halisi na hauwezi kuwa mwingine. Ukiwa kijana wa kazi, mzee wa mto akishasema hivyo, wewe unabaki na nini cha kubisha?

Makapteni wawili peke yao ndo walielekea upande mwingine. Hoja yao haikuwa mto unafananaje, ilikuwa mto unatoka wapi. Walijiuliza, sisi tunatafuta mto unaotoka milimani karibu na chanzo cha Columbia, mto unaoingia Pasifiki. Mto unaotoka milimani sasa hivi unakuwaje? Unakuwa mwangavu, una kasi, unabeba mawe. Mto wenye tope lote hilo lazima umetembea muda mrefu kwenye tambarare ukichota udongo, kwa hiyo haujatoka milimani moja kwa moja. Na kuna jambo lingine, Wahidatsa walishasema kwamba kwenye yale maporomoko maji ni karibu maangavu. Wa kusini ni mwangavu. Kwa hiyo ile ile hali iliyowafanya vijana waukatae mto wa kusini ndiyo iliyowafanya makapteni waupende.

Mi hapa nawatetea vijana kidogo. Hoja yao ilikuwa na akili, ilikosa tu swali la pili. Missouri ya tope waliyoizoea, tope lake linatoka wapi? Kama tawi moja linaleta tope jingi, basi mto wote chini yake utakuwa wa tope, hata kama shina lenyewe ni safi. Huwezi kujua shina ni lipi kwa kuangalia rangi ya mchanganyiko. Ila hilo ni rahisi kulisema ukiwa umekaa kwenye kiti.

Kilichokuwa kinawaumiza kichwa ni gharama ya kukosea. Lewis aliandika kwamba miezi miwili ya msimu imeshakwenda, na wakichagua mto mbaya wakaufuata mpaka milimani ndo wagundue kwamba hauelekei Columbia, warudi tena huku waanze mwingine, siyo tu kwamba msimu wote umekufa bali watu watavunjika moyo kiasi kwamba msafara wenyewe unaweza kufia hapo. Theluji ya milimani haingojei mtu.

Sasa walifanya nini? Hatua ya kwanza ilikuwa ndogo na kwa kweli haikuzaa kitu. Siku ile ile ya tarehe 3 walituma mtumbwi mmoja na watu watatu kila upande, sajini Pryor kaskazini na sajini Gass kusini, wapime upana na kina na kasi warudi jioni. Wenyewe makapteni wakapanda mlimani kuangalia, wakaona tambarare isiyo na mwisho imejaa nyati, na upande wa kusini milima yenye theluji. Jioni ripoti zikaja na kila mtu akabaki na msimamo wake ule ule. Vipimo vilikuwa vizuri tu, ila hakuna kipimo hata kimoja pale ambacho kingeweza kumfanya mtu abadili mawazo. Upana hausemi mto unatoka wapi.

Waliobaki kambini huku nyuma wakawa wanalainisha ngozi za kushonea nguo na viatu, na walihitaji, maana kwa siku nyingi walikuwa wanavuta mashua wakitembea pekupeku kwenye mawe, viatu vya ngozi vinateleza kwenye tope, nyayo zimechanika. Watu hawahesabu hii faida. Kusimama kule kuliwapa miguu yao nafasi ya kupona.

Hatua ya pili ikawa kubwa. Tarehe 4 makapteni wenyewe wakaondoka kwa miguu, Lewis na watu sita kufuata mto wa kaskazini, Clark na watano kufuata wa kusini, York akiwemo, yule mtumwa wa Clark ambaye kwa habari ya kazi na hatari alikuwa sawa na wengine ila kwa malipo hakuwemo. Angalia jinsi walivyogawana. Lewis ambaye hauamini mto wa kaskazini ndiye aliyeenda nao, na ndiye aliyekwenda mbali zaidi, karibu maili 60. Clark alikwenda maili 40 na ushee, mvua inawanyeshea, Joseph Field akakoswakoswa na dubu huku bunduki yake imegoma kulia, wenzake wakamuwahi. Clark alipoona mto unashikilia mwelekeo wa kusini magharibi, una kasi ile ile na kina kile kile, akageuza, tarehe 6 akawa kambini.

Lewis hajarudi. Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, mchana kimya, kambi ikaanza kuwa na wasiwasi.

Kumbe huko alikokuwa mvua ilikuwa imeugeuza udongo wa zile kingo kuwa utelezi mtupu. Tarehe 7 wakiwa wanarudi, wanapita kwenye njia nyembamba ubavuni mwa genge, Lewis akateleza, na asingekuwa na ule mkuki wake wa kiafisa aliokuwa anatembea nao kama fimbo angekwenda chini futi 90 hivi. Ndo kwanza amepata pa kusimama akasikia sauti nyuma, "Mungu wangu kapteni, nifanyeje?" Ni Windsor, mmoja wa askari. Amelala kifudifudi, mguu na mkono wa kulia vinaning'inia nje ya genge, amejishikilia kwa upande wa kushoto tu na nguvu zinamwisha. Lewis aliandika baadaye kwamba aliogopa mno, lakini alimjibu kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba hauko kwenye hatari yoyote, chomoa kisu chako kwa mkono wa kulia, chimba tundu kwenye udongo la kuingiza mguu wa kulia. Akachimba. Akaingiza mguu, akajiinua akapiga magoti. Vua viatu. Akavua. Sasa tambaa mbele, kisu mkono mmoja, bunduki mkono mwingine. Akatambaa akatoka. Waliobaki nyuma Lewis akawaambia wasithubutu, wakashuka wakapita kwenye maji yenyewe mpaka kifuani.

Tarehe 8 saa kumi na moja jioni Lewis akaingia kambini. Jibu lake, ule mto unakwenda kaskazini mno, haufai kwa njia yetu. Akaupa jina la binamu yake Maria Wood, na mpaka leo kwenye ramani ni Marias. Kumpa jina ni kama kusema kesi imefungwa, wewe ni tawi.

Ila kesi haikufungwa, kwa sababu vijana wake sita aliokwenda nao, walioona yote aliyoyaona, walirudi bado wanaamini ule ndo Missouri!

Basi tarehe 9 wakakaa kuongea. Lewis akamwaga hoja zote, rangi ya maji, mawe, mwelekeo, maneno ya Wahidatsa, na ramani ya Kiingereza ya Arrowsmith iliyokuwa na taarifa za Fidler, mpimaji wa Hudson's Bay, kampuni ya Kiingereza ya biashara ya manyoya. Hapa mchambuzi inabidi uwe mkweli, baadhi ya hoja zake zilikuwa mbovu. Zile taarifa za Fidler zilivyochorwa kwenye ramani hazikuwa za kutegemewa kwa upande wa kusini, na latitudo ambayo Lewis aliipima pale njia panda, digrii 47 na dakika 24, ilikosea kwa karibu nusu digrii, yaani kwa kama kilomita 55 alijiona yuko kusini kuliko alivyokuwa. Kwa hiyo ukisikia watu wanasema alishinda kwa sayansi, punguza kidogo. Alikuwa na hoja moja nzuri sana, ile ya maji na mawe, ushahidi mmoja mzuri sana, ule wa Wahidatsa, na juu yake karanga nyingi za kujazia sahani.

Hakumshawishi mtu. Cruzatte hakutikisika. Vijana wakajibu kwa uchangamfu kabisa kwamba wako tayari kuwafuata makapteni popote watakapoelekeza, ila wao bado wanaona mto ni ule mwingine, na wanaogopa huu wa kusini utawaishia milimani wawe mbali na Columbia.

Hili jibu mi nalisoma na kulirudia. Ni watu wote dhidi ya wawili na hakuna aliyenuna wala aliyejifanya kakubali. Na usidhani ni hofu ya kuchapwa viboko peke yake, adhabu hiyo ilikuwepo kweli mwaka wa kwanza, ila kufikia hapa hawa walishakuwa kitu kingine. Hata hivyo haikuwa demokrasia. Miezi michache baadaye, Novemba, kule Pasifiki, walipiga kura ya wapi wajenge kambi na York na Sacagawea nao wakaulizwa, lakini hapa Juni hapakuwa na kura, na ingepigwa makapteni wangegaragazwa. Wengine wangesema basi amri ni amri, twende kusini. Wengine wangesema wengi wape.

Wao walifanya kitu cha tatu na kwa mtazamo wangu hiki ndo kiini cha kisa kizima. Waliamua kwenda kusini, lakini kwa namna ambayo kama wamekosea watajua mapema na kwa hasara ndogo. Lewis ameliandika hivyo wazi, kwamba kwa kuwa watu wameshikilia imani yao hivyo, na kama sisi ndo tumekosea tungependa tuligundue kosa na kulirekebisha haraka iwezekanavyo. Kwa hiyo mmoja wao atatangulia kwa nchi kavu na watu wachache, mwepesi, bila mizigo, atafuata mto wa kusini mpaka akutane na maporomoko au mpaka afike milima ya theluji. Maporomoko yakiwepo, ubishi umekwisha, manake hakuna mtu anayeweza kubishana na maporomoko. Yasipokuwepo, anarudi, na mitumbwi itakuwa haijafika mbali. Baada ya siku nyingi za kupima vitu visivyoamua chochote sasa wamepata kipimo kinachoweza kuwaumbua wao wenyewe.

Na kwa upande wa mizigo nao walicheza akili. Mashua kubwa nyekundu wakaivuta mpaka kwenye kisiwa kidogo mdomoni mwa Marias, wakaifunga kwenye miti na kuifunika matawi. Watu saba waliokuwa wanaisukuma wakagawanywa kwenye vyombo vingine, kwa hiyo mzigo umepungua na mikono imeongezeka. Vitu vizito vikachimbiwa, mivukuto na vifaa vya muhunzi, ngozi za beaver (mnyama wa mtoni mwenye manyoya ya thamani), chumvi, sehemu ya baruti na risasi. Fundi wa mashimo alikuwa nani? Cruzatte huyo huyo aliyepinga safari. Shimo lenyewe mdomo wake ni mdogo, inchi 20 hivi, ila chini linatanuka kama chungu, na kina chake kinafika futi sita au saba, udongo unaotoka unawekwa juu ya kitambaa na kubebwa kutupwa mtoni ili asibaki hata mchanga wa kumshtua mpita njia, ndani wanatandika vijiti vikavu na ngozi, mwisho majani yanarudishwa juu kama yalivyokuwa. Halafu jioni ya tarehe 9, baada ya ubishi wote ule, Cruzatte akatoa fidla yake akapiga na watu wakacheza na kuimba. Kwa hiyo mtu aliyeshindwa kwenye hoja alipewa kazi ya maana mikononi na usiku akapewa uwanja. Sijui kama makapteni walipanga hivyo au ilitokea tu, ila ilifanya kazi.

Nakumbuka hapa Speke na Burton, Waingereza waliopita njia ya misafara kutoka pwani yetu. Agosti 1858 Speke akaliona ziwa kule Mwanza akasema huu ndo mwanzo wa Nile, Burton aliyebaki Tabora akakataa, na hawakurudi pamoja kuhakikisha, wakaenda kugombana London miaka na miaka. Swali karibu lile lile, mto unaanzia wapi, viongozi wawili.

Lewis aliondoka tarehe 11 na watu wanne akiwa anaumwa tumbo vibaya na dawa hana. Mchana hakuweza kuendelea, akaagiza wamkatie vijiti vya cheri mwitu, wakavichemsha mpaka ikatoka dawa nyeusi chungu, akanywa painti moja, baada ya saa nyingine moja, usiku saa nne maumivu yameisha, kesho yake akatembea maili 27. Clark akafuata na mitumbwi tarehe 12, naye ana mgonjwa wake, Sacagawea, ambaye hali yake ilikuwa inazidi kuwa mbaya na kwa siku kadhaa walihofia atakufa.

Tarehe 13 asubuhi Lewis akasikia mngurumo kwa mbali, halafu akaona mvuke unapanda juu ya tambarare kama nguzo ya moshi, unapeperushwa na upepo unapotea. Alitembea kama maili saba kuufuata huo mngurumo, kwenye saa sita mchana hivi akafika. Great Falls, yale maporomoko makubwa yenyewe. Kesho yake akaendelea kupanda mto, akakuta maporomoko mengine juu yake, na kwenye kisiwa kidogo juu ya mti kuna kiota cha tai. Wahidatsa walikuwa wamekitaja hata hicho kiota! Asubuhi ya siku hiyo alishamtuma Joseph Field na barua kwa Clark, na kuanzia hapo hakuna tena aliyeutaja mto wa kaskazini.

Ila kuna deni moja kwenye ramani ya wazee. Maporomoko walisema yanapitika kwa kubeba vyombo nusu maili tu. Hali halisi ilikuwa maili 18 za nchi kavu, mitumbwi juu ya magurudumu yaliyokatwa kwenye magogo, miiba ya mpungate inatoboa viatu, mvua ya mawe inawapiga vichwani, na mpaka wanaingia majini tena kuendelea na safari ilikuwa 15 Julai. Mwezi mzima na zaidi umekatika.

Nikiyaweka haya mawili pamoja, Marias kutotajwa na zile maili 18 kuitwa nusu maili, naona yanatoka chungu kimoja. Wahidatsa walikuwa wanasafiri kwa farasi. Mpanda farasi anayekata kona upande wa kusini wa Missouri hana sababu ya kuuona mdomo wa mto unaoingia kutoka kaskazini, na hana mtumbwi wa tani nzima wa kupandisha kwenye korongo, kwake maporomoko ni kitu cha kuzunguka asubuhi moja. Ramani yao haikuwa na kosa, ilikuwa ramani ya farasi, na imesomwa na watu wa mashua. Na ukilitazama hivyo ule ukimya uliomshangaza Lewis haukati tena pande zote sawasawa, mto wa kusini kama ungekuwa tawi wangelazimika kuuvuka, wa kaskazini siyo lazima. Lewis alikuwa nusu hatua kuifikia hiyo hoja na ndiyo ingekuwa bora kuliko latitudo yake.

Je, wangeufuata Marias ingekuwaje? Tunajua kiasi, kwa sababu Lewis alirudi. Julai 1806, safari ya kurejea, akaupanda na watu watatu kuangalia unafika kaskazini kiasi gani, maana Marekani ilitaka mpaka wake na Waingereza uwe juu kadiri iwezekanavyo. Tarehe 22 akafika mahali akaona mto unaingia milimani bila kufika alikotaka, kambi ile akaiita Kambi ya Kukata Tamaa. Tarehe 26 wakakutana na vijana wanane wa Wapiegan, moja ya makabila ya Blackfeet, wakalala pamoja, alfajiri ya 27 vijana wakajaribu kuchukua bunduki na farasi, vurugu, mmoja akachomwa kisu na Reubin Field, mwingine akapigwa risasi na Lewis. Wa kwanza akafa, na wa pili inaaminika alikufa pia. Lewis na wenzake wakapanda farasi wakakimbia kama maili 100 bila kulala vya kutosha, na kesho yake wakatokea Missouri, wakasikia milio ya bunduki, kumbe ni sajini Ordway na wenzake wanashuka na mitumbwi.

Wakaenda moja kwa moja pale njia panda kufukua. Shimo kubwa lilikuwa limebomoka kwa ndani, ngozi mbili kubwa za dubu za Lewis zimeharibika na alisikitika sana, manyoya ya vijana nayo mengi yameoza. Baruti, mahindi, unga, nyama ya nguruwe na chumvi vilikuwa salama. Mashua nyekundu ilikuwa imeoza kiasi cha kutotengenezeka, wakang'oa misumari yake wakapakia, wakashuka na mto.